Jokofu Limegoma: Litengenezwe au Linunuliwe Jingine?

Katika kata zetu jokofu, au friji kama wengi tunavyoliita, si pambo la sebuleni. Kwa kaya nyingi ni chombo cha kazi. Humo hugandishwa barafu za watoto wa shule, hupozwa maji na juisi za kuuza, na huhifadhiwa samaki walionunuliwa asubuhi ili wauzwe jioni. Wakati mwingine humo pia huwekwa insulini ya mzee wa nyumba. Kwa hiyo chombo hicho kinapogoma, hasara huanza siku hiyo hiyo, na mwenye nyumba hujikuta akilazimika kuamua upesi: amwite fundi, au akope fedha anunue jingine?

Haraka hiyo ndiyo inayowagharimu wengi. Wapo wanaouza kwa bei ya chuma chakavu jokofu ambalo kasoro yake ilikuwa kifaa kidogo kisichozidi kiganja. Wapo pia wanaomlipa fundi mara tatu kwa mwaka kujaza gesi katika jokofu ambalo tundu linalovujisha gesi hiyo halijawahi kuzibwa. Wa kwanza ametupa mali, wa pili anamwaga maji kwenye pakacha. Wote wawili wameamua kabla ya kujua.

Makala haya yanaeleza namna ya kufikia uamuzi kwa hesabu badala ya hofu. Msingi wake ni mmoja: usiamue kutengeneza wala kununua kabla hujajua ni nini kilichokufa, na ni nini kilichokiua.

Jokofu hufanyaje kazi?

Jokofu halitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto kutoka ndani kulipeleka nje. Kompresa, ile mashine nyeusi yenye umbo la chungu iliyo chini upande wa nyuma, huisukuma gesi maalumu ndani ya mirija. Gesi ikipita katika mirija ya ndani huchukua joto la chakula na maji. Ikifika katika mirija ya nje hulitoa joto hilo hewani. Ndiyo maana mgongo wa jokofu lililo zima, au mbavu zake kwa majokofu ya kisasa, huwa na uvuguvugu. Thamostati huiamuru kompresa iwake au ipumzike kulingana na baridi iliyopo ndani.

Kuna jambo moja ambalo mkazi anapaswa kulishika vizuri. Gesi ya jokofu huzunguka katika mirija iliyozibwa pande zote. Haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika kandili. Jokofu linaweza kufanya kazi miaka 15 kwa gesi ile ile iliyowekwa kiwandani. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba gesi imeisha, maana yake ni kwamba imevuja, na swali la kumwuliza fundi ni moja tu: imevujia wapi?

Uchunguzi wa awali nyumbani

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba anaweza kufanya uchunguzi ufuatao bila kufungua skrubu hata moja.

Kwanza, chunguza umeme wenyewe. Chomeka feni au chaja ya simu katika soketi ile ile. Isipofanya kazi, tatizo li katika soketi au katika nyaya za nyumba, wala si katika jokofu. Tazama pia kama plagi au waya wa jokofu umeungua, umelegea au umetafunwa na panya.

Pili, fungua mlango uone kama taa ya ndani inawaka. Ikiwaka, umeme unafika. Hakikisha kitufe cha thamostati hakijasogezwa kwenye sifuri. Watoto na usafi wa mwisho wa wiki hufanya hivyo mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Tatu, sikiliza. Jokofu lililo kimya kabisa ilhali taa inawaka huashiria kasoro ya thamostati au ya kifaa cha kuiwasha kompresa. Jokofu linalojaribu kuunguruma, likatoa mlio wa "tik", likanyamaza, kisha likarudia baada ya dakika chache, huenda limeharibikiwa na rilei, yaani kile kifaa kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa kompresa. Huenda pia kompresa yenyewe imekwama au umeme ni hafifu. Jokofu linalounguruma mchana kutwa bila kupoza huashiria gesi iliyovuja, kompresa iliyochoka, au hewa moto inayoingia kwa mlango.

Nne, pima mpira wa mlango. Weka kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa hata kidogo, mpira umelegea mahali hapo. Rudia kuuzunguka mlango wote. Mpira uliolegea huifanya kompresa ifanye kazi bila kupumzika, na mara nyingine kasoro huwa ni uchafu tu unaotoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Tano, tazama nyuma. Jokofu lililobanwa ukutani, au lenye mirija iliyovikwa vumbi kama blanketi, haliwezi kutoa joto. Chomoa plagi, safisha kwa brashi laini, kisha liache nafasi ya angalau sentimita 10 kutoka ukutani.

Sita, tazama barafu. Barafu nene kwenye friza huzuia baridi kufika kwenye chakula. Zima jokofu, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe. Kamwe usiichokoe kwa kisu wala bisibisi. Nyuma ya barafu hiyo ipo mirija laini ya gesi, na pigo moja la kisu laweza kuligeuza jokofu zima kuwa kabati.

Wakati wote wa uchunguzi huo, funga mlango kadiri uwezavyo. Jokofu lililofungwa huhifadhi ubaridi wa chakula kwa takribani saa nne. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa visikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Mwenye insulini awasiliane mapema na mtoa huduma wa zahanati au kituo cha afya kuhusu namna ya kuihifadhi, maana insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi, na haipaswi kuganda.

Kasoro ndogo, za kati na kubwa

Uchunguzi wa nyumbani usipoleta jibu, ni wakati wa fundi. Mlipe kwanza kwa kazi ya kuchunguza, hata kama bado hujaamua kutengeneza. Fedha hiyo si hasara, ndiyo inayonunua taarifa ya kuamulia. Majibu ya fundi yataangukia katika moja ya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kasoro ndogo: plagi, waya, swichi ya taa, thamostati, rilei, mpira wa mlango, na kwa majokofu yasiyogandisha barafu, feni ya ndani au hita ya kuyeyushia. Vipuri hivi hubadilishwa bila kuufungua mfumo wa gesi. Ikiwa kasoro ni ya kundi hili na mwili wa jokofu ni mzima, karibu mara zote jibu ni kutengeneza.

Kundi la pili ni kasoro za kati, hasa gesi iliyovujia mahali panapofikika, kama vile kwenye kiungo cha mirija ya nyuma. Matengenezo ya haki hapa yana hatua zinazofuatana: kulitafuta tundu, kuliziba kwa kuchomelea, kubadilisha chujio la gesi, kuondoa hewa na unyevu katika mirija kwa pampu maalumu, kisha kujaza gesi ya aina na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha jokofu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu amekuuzia wiki chache za baridi, hakutengeneza jokofu.

Kundi la tatu ni kasoro kubwa: kompresa iliyoungua, mirija iliyovujia ndani ya kuta ambako povu la kuzuia joto limeifunika, au mwili ulioliwa na kutu. Hapa gharama hupanda na uhakika hushuka. Katika kundi hili ndipo hesabu inapohitajika zaidi.

Hesabu ya kwanza: nusu ya bei

Ipo kanuni inayotumika sana duniani: gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya kifaa kipya kinacholingana nacho, na kifaa cha zamani kimekwisha kula zaidi ya nusu ya umri wake, ni heri kununua. Jokofu la nyumbani kwa kawaida hutarajiwa kudumu kati ya miaka 10 na 15. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini huwapotosha watu wanaoitumia nusunusu. Tuichukue kwa mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia hesabu tu, si bei ya duka lolote.

Tuseme jokofu jipya linalolingana na lako linauzwa shilingi 700,000, na fundi anataka shilingi 180,000. Nusu ya bei ni shilingi 350,000, kwa hiyo kutengeneza kunaonekana kuwa sawa. Lakini kumbuka matengenezo ya miezi 12 iliyopita. Kama mwaka huu ulikwisha kulipa shilingi 80,000 mara mbili kwa ajili ya gesi, jumla imefika shilingi 340,000 na umesimama ukingoni. Mgonjwa huyu hahitaji dawa nyingine kabla ya kujulikana ugonjwa wake.

Pili, linganisha na kile ambacho kweli utakinunua. Wengi hulinganisha gharama ya fundi na bei ya jokofu lililotumika la shilingi 350,000, wakidhani wamepata nafuu. Jokofu lako unalijua: unajua limefanya kazi miaka mingapi, limefunguliwa mara ngapi, na nani alilifungua. Lile la dukani lililotumika hulijui, na mara nyingi halina dhamana. Unaweza kuwa unabadilisha ugonjwa unaoujua kwa ugonjwa usioujua.

Tatu, hesabu siku. Mama lishe au muuza juisi anayepata faida ya shilingi 8,000 kwa siku kutokana na jokofu lake, akisubiri wiki tatu ili mkopo wa kununua jipya utoke, amepoteza shilingi 168,000. Matengenezo ya siku mbili ya jokofu lililobakiza miaka mitatu yanaweza kuwa na thamani kubwa kuliko yanavyoonekana kwenye risiti.

Hesabu ya pili: umeme linaokula

Jokofu la zamani laweza kutengenezeka kwa bei ndogo na bado likawa ghali, kwa sababu linakula umeme usiku na mchana. Usikisie; mita ya LUKU inaweza kukupa jibu, ikiwa jokofu lako bado linafanya kazi au ukishalirudisha kutoka kwa fundi.

Saa 3 usiku soma uniti zilizobaki kwenye mita na uziandike. Zima na uchomoe kila kitu nyumbani isipokuwa jokofu. Saa 11 alfajiri soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uniti zilizoliwa na jokofu kwa saa nane. Zidisha kwa tatu upate za siku nzima, kisha kwa 30 upate za mwezi. Mchana joto huzidi na mlango hufunguliwa mara nyingi, kwa hiyo jibu lako ni kiwango cha chini. Halisi huwa juu kidogo. Bei ya uniti moja utaipata kwa kugawanya fedha uliyolipa mara ya mwisho kwa uniti ulizopewa.

Sasa tazama jinsi kipimo hicho kinavyoweza kuugeuza uamuzi. Tuseme uniti moja ni shilingi 350, na jokofu jipya unalolitazamia linatumia uniti 24 kwa mwezi. Tofauti kati ya kununua kwa shilingi 700,000 na kutengeneza kwa shilingi 180,000 ni shilingi 520,000.

Jokofu lako la zamani likionekana linakula uniti 72 kwa mwezi, jipya litaokoa uniti 48, sawa na shilingi 16,800 kwa mwezi au shilingi 201,600 kwa mwaka. Tofauti ile ya shilingi 520,000 itarudi kwa takribani miaka miwili na miezi saba. Hapo kununua kuna mantiki, hasa kama jokofu la zamani limezeeka.

Lakini likionekana linakula uniti 36 tu, jipya litaokoa uniti 12, sawa na shilingi 4,200 kwa mwezi au shilingi 50,400 kwa mwaka. Tofauti ile ile itachukua zaidi ya miaka kumi kurudi. Hapo anayekushawishi ununue jipya "kwa kuokoa umeme" hajapiga hesabu.

Kaya zilizo katika kundi la bei nafuu la D1, ambalo ni la wateja wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, zina sababu ya ziada ya kupima. Jokofu linalokula uniti 72 limekaribia kuumaliza mgao huo peke yake, kabla ya taa, redio na pasi. Kaya ikitolewa katika kundi hilo, uniti zake zote hupanda bei.

Kilichoua jokofu bado kipo nyumbani?

Hili ndilo swali linalosahauliwa zaidi. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230. Ukishuka sana, kompresa hushindwa kuzunguka, hupata moto na huungua. Ukikatika na kurudi ghafla, kompresa hulazimishwa kuwaka ilhali mgandamizo wa gesi kwenye mirija haujatulia, nayo huumia. Kwa hiyo, baada ya umeme kurudi, jokofu lisiwashwe mpaka zipite angalau dakika tatu hadi tano.

Vipo vifaa vinavyofanya kazi hiyo vyenyewe, maarufu madukani kama friji gadi. Hukata umeme unapokuwa mdogo au mkubwa kupita kiasi, na huchelewesha kuwaka umeme unaporudi. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa. Nyumba yenye umeme hafifu kila jioni yaweza kuhitaji stabilaiza yenye uwezo unaolingana na jokofu, na tatizo hilo liripotiwe TANESCO. Soketi zinazopata moto, nyaya zilizoungwa ovyo na ukosefu wa waya wa ardhini ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Jokofu jipya likichomekwa katika soketi ile ile mbovu iliyoliua la kwanza, litakufa kifo kile kile. Kwa sababu hiyo, katika bajeti yako, iwe ya fundi au ya duka, tenga kwanza fedha ya kurekebisha chanzo.

Ukiamua kutengeneza

Tafuta fundi anayeweza kuonyesha alikojifunzia kazi. VETA hutoa mafunzo ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na pia huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani. Kabla kazi haijaanza, patana naye kwa maandishi mambo matano: kasoro iliyoonekana, vipuri vitakavyobadilishwa na kama ni vipya, bei kamili, siku ya kukamilika, na muda wa dhamana ya kazi yake. Omba urudishiwe vipuri vya zamani. Jokofu likipelekwa karakana, pata karatasi yenye jina la fundi, namba ya simu, aina ya jokofu na tarehe.

Mwulize ni gesi gani anaweka. Kibandiko cha nyuma kimeiandika, mara nyingi R134a au R600a. Aina hizi hazichanganywi wala hazibadilishwi kiholela. R600a huwaka moto kwa urahisi. Kazi yake ifanywe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko na sigara, na fundi asichomelee mirija ambayo bado ina gesi hiyo. Fundi akikamilisha kazi, liache jokofu lifanye kazi saa 24 kabla ya kumalizia malipo, kama mlivyopatana.

Ukiamua kununua

Soma kibandiko kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji. Kiwe na volti 220 hadi 240 na hezi 50. Majokofu yaliyotumika yanayotoka Japani hutengenezwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Yakichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu huungua. Chagua ukubwa unaolingana na kazi yako, kwa kuwa jokofu kubwa lililo nusu tupu ni kodi unayojitoza kila mwezi. Dai risiti ya EFD na hati ya dhamana yenye tarehe na mhuri, na uvihifadhi pamoja. Bila risiti, dhamana ni maneno matupu. Mashaka kuhusu ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Kwa jokofu lililotumika, omba liwashwe mbele yako kwa angalau saa mbili, weka kikombe cha maji ndani, na utazame kama kompresa inapumzika baada ya kupoza. Isiyopumzika ina siri.

Vifaa vingine vya nyumbani

Msingi ni ule ule. Feni inayozunguka polepole, au inayohitaji kusukumwa kwa mkono ili ianze, mara nyingi inahitaji kapasita au kulainishwa bushi, itengeneze. Pasi na birika ambazo waya au plagi imeungua hutengenezeka kwa urahisi, lakini birika linalovuja maji karibu na sehemu ya umeme lisirudishwe mezani. Televisheni iliyopasuka kioo ni kisa tofauti: kioo chake hukaribia bei ya televisheni nzima, kwa hiyo kwa kawaida hununuliwa nyingine. Ile yenye sauti bila picha, au isiyowaka kabisa, ichunguzwe kwanza, maana huenda kasoro ni taa za nyuma ya kioo au saketi ya umeme. Kifaa chochote kinachomrusha mtu kwa umeme kisitumike hata mara moja zaidi mpaka fundi akikague.

Jokofu la zamani lisitupwe ovyo

Jokofu lililokufa bado lina kazi mbili za kumalizia. Ya kwanza ni kutomdhuru mtoto. Liondolee mlango kabla ya kuliweka uani, kwa sababu mtoto anayejificha ndani anaweza kufungiwa na kukosa hewa. Ya pili ni kutodhuru anga. Asije mtu akakata mirija ili auze shaba na kuiachia gesi hewani. Gesi ya majokofu ya zamani sana, R12, huharibu tabaka la ozoni, na kwa sababu hiyo ilipigwa marufuku kupitia Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania ni mwanachama wake. R134a haiharibu ozoni, lakini kilo yake moja huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya hewa ya ukaa; nayo inapunguzwa hatua kwa hatua kupitia Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016. Fundi mwenye vifaa anaweza kuinyonya gesi hiyo kwenye mtungi, na mara nyingi atanunua thamostati, rafu, mlango na kompresa nzima kama vipuri vya kuokoa jokofu la mtu mwingine.

Fursa kwa vijana wa kata

Kila jokofu linalotengenezwa hapa huacha fedha mikononi mwa fundi wa hapa. Vijana wenye ujuzi huo wanaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Pampu ya kuondolea hewa, mizani ya gesi na mtungi wa kunyonyea gesi ni vifaa ambavyo fundi mmoja hushindwa kuvinunua, lakini kikundi kinaweza. Mkopo huo ni wa mradi wa kikundi, si wa kununulia vyombo vya nyumbani. Maelezo na fomu hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.

Ndugu mkazi, jokofu likigoma leo, anza na hatua zilizo bure: soketi, thamostati, mpira, vumbi na barafu. Kisha mlipe fundi kwa uchunguzi, na umtake ataje kilichokufa na kilichokiua. Chukua kalamu, weka bei ya fundi, bei ya duka, uniti za LUKU na siku za biashara zitakazopotea katika ukurasa mmoja. Mara nyingi ukurasa huo utajibu wenyewe, na jibu hilo litakuwa lako, si la fundi wala la muuzaji.